Farasi Aliyepikiwa Uji wa Ulezi

Mwaka 1951, kiangazi kilipokuwa kinaanza na upepo wa ziwani ukiyageuza majani ya mlimani kuwa rangi ya simba, nilikuwa na miaka tisa na miezi miwili. Miezi naitaja kwa makusudi. Marehemu mume wangu alizoea kunitania kwamba ninakumbuka tarehe kama mchungaji anavyokumbuka rangi za ng'ombe wake, nami nilizoea kumjibu kwamba aliyecheleweshewa kalamu huishika kwa nguvu. Juma lililopita nilikuwa Musoma kwa shughuli za kanisa, nikapishana na mkokoteni uliosheheni nyasi kavu, zile ndefu zenye shina gumu, zilizokatwa baada ya umande na kugeuzwa juani mara mbili. Harufu yake ilinisimamisha katikati ya barabara. Dereva wa bodaboda alinipigia honi, akaniita, "Bibi, utagongwa!" nami sikusogea. Alijuaje kwamba wakati ule sikuwa barabarani? Nilikuwa bandani, nimeshika hori kwa mikono miwili, nasubiri pumzi ya moto itoke puani mwa farasi na kunipiga shingoni.

Baba yangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na nadhani alikuwa saisi pekee katika mji wote wa Musoma. Kazi hiyo aliipata kwa sababu ya vita. Jeshini, huko Uhabeshi, alikabidhiwa nyumbu wa kubeba mizigo. Si hawa nyumbu wetu wa porini, bali wale waliozaliwa na punda na farasi. Alirudi Butiama na koti la jeshi, kovu la teke pajani, na sifa ya kuwa mtu aliyewahi kushika hatamu. Kwa hiyo Bwana Shauri mpya, yule Mwingereza kijana aliyekuwa msaidizi wa mkuu wa wilaya, alipotangaza kwamba farasi wake anakuja, hakukuwa na haja ya kutafuta sana. Baba alipewa kazi, kofia nyekundu, na nyumba ya Serikali yenye vyumba viwili nyuma ya boma. Mama alibaki Butiama na shamba na wadogo zangu. Mimi nikapelekwa Musoma kumpikia Baba na kumtekea maji.

Watoto wa makarani walipita mbele ya banda letu kila asubuhi wakienda shule, vibao vyao vya kuandikia vikigongana mapajani. Niliwahi kumwuliza Baba mara moja kama nami ningeweza kwenda. Alinijibu kwa upole, huku akipiga mswaki mgongo hewa, kwa kuwa farasi mwenyewe hakuwa amefika bado na yeye alikuwa akijikumbusha kazi: "Mwanangu, shule ni ya watoto wa makarani. Sisi ni watu wa wanyama. Umemwona ng'ombe gani anauliza kama unajua kusoma?" Sikuuliza tena.

Farasi alishuka Jumamosi, tarehe 9 Juni, kwa meli iliyotoka Kisumu. Mji mzima ulikuwa gatini. Wavuvi waliacha furu na sato juani, mafundi cherehani waliacha nguo sindanoni. Alitolewa akiwa amefungwa kitambaa machoni, rangi yake hudhurungi, na mstari mweupe usoni kama mtu aliyemwagiwa maziwa. Kitambaa kilipoondolewa alitutazama wote kutoka kushoto hadi kulia, taratibu, kama askofu. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyekuwa akipika vitumbua kando ya njia ya sokoni, alipiga kigelegele, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka majini, "Karibu, mgeni! Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Kutoka siku ile farasi hakuitwa jina jingine. Bwana Shauri alikuwa na jina lake la Kizungu la kumwitia. Sisi tulimwita Mgeni.

Na hapo, msomaji wangu, ndipo kosa lilipoanzia, kwa maana kwetu mgeni ana sheria zake. Mgeni hapiti mlangoni pako bila kutafuna kitu. Akipita hivyo, huwa ameondoka na baraka za nyumba. Wala hapewi kilichobaki, hupewa kilicho bora. Sasa niambie, nani katika mji ule angethubutu kumpa mgeni kama huyu nyasi? Nyasi ni chakula cha mbuzi. Hata Baba, aliyejua zaidi yetu sote, alimtandikia nyasi alale juu yake, hakumpa ale. Jeshini nyumbu walipewa nafaka asubuhi na jioni. Kwa hiyo Mgeni naye alipewa mahindi ya kubanjwa asubuhi na jioni, na kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko nyumbu, Baba akamwongezea. Jambo alilosahau Baba ni kwamba nyumbu wale walikuwa wakipanda milima tangu alfajiri na masanduku ya risasi mgongoni, ilhali Mgeni alikuwa akimbeba kijana mmoja mwembamba kutoka boma hadi ufukweni na kurudi.

Hayo yalikuwa mahindi ya Baba, yaliyojulikana. Yasiyojulikana yalikuwa mengi zaidi. Mimi mwenyewe, kila alfajiri nilipokwenda kuchota maji, nilipitia bandani na mtama katika upindo wa gauni. Ulikuwa mtama mwekundu wa shamba la Bibi, mama yake Baba, ambao alinitumia kutoka Butiama kwa ajili ya ugali wangu. Mgeni aliutafuna mkononi mwangu, midomo yake laini kama sikio la ndama, na alipomaliza alinipulizia shingoni. Sikumwambia mtu. Nilidhani katika Musoma yote ni mimi peke yangu mwenye siri na farasi.

Jumatatu, tarehe 2 Julai, Bwana Shauri aliondoka kwa gari kwenda Bunda kusikiliza mashauri ya mipaka na malisho, akamwacha Mgeni kwa kuogopa mbung'o wa njiani. Kwa majuma matano Mgeni hakufanya kazi nyingine ila kupokea wageni wenzake. Alinenepa mpaka shingo ikafanya kigongo juu. Watu walikuja kumtazama na kumsifu Baba: "Saisi, farasi wako ameota kitambi kama liwali!" Baba alicheka, akajipapasa kofia. Nami nilijiona mtoto wa mtu mkubwa.

Jumatatu, tarehe 6 Agosti, nilikuta mtama wangu haufuatwi. Mgeni alikuwa amesimama pale ukutani, miguu ya mbele ameinyoosha mbali, uzito wote ameuegemeza nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa na hataki kuyakanyaga tena. Nilimwita, akageuza kichwa tu. Baba alikuja, akashika kwato za mbele, akaondoa mkono haraka. Zilikuwa za moto.

Habari ilienea kabla jua halijapanda. Na watu wa mji ule, Mungu awarehemu, walifanya lile ambalo watu wema hufanya mgeni anapougua: walipika. Jirani yetu alifika na sufuria ya uji wa ulezi kichwani, ule mzito anaopewa mzazi siku ya kwanza, umetiwa maziwa na asali.

"Jirani, farasi hali uji," Baba alimwambia.

"Shemeji, umempa akakataa?"

"Sijampa."

"Basi usimsemee mgonjwa. Mgonjwa haachwi na tumbo tupu."

Mgeni alitia mdomo katika sufuria, akanywa mpaka sufuria ikalia. Wanawake wakapiga vigelegele, wakasema amekwisha kupona. Kesho yake zilikuja sufuria tatu. Kesho kutwa hakuweza kuinua mguu.

Bwana Shauri alirudi Jumamosi, tarehe 18 Agosti. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na ndiyo maana tulimwogopa zaidi. Alipiga goti kwenye matandiko, akashika kwato moja baada ya nyingine, kisha akasimama na kumwambia Baba kwa Kiswahili chake cha darasani, "Huyu mnyama anateseka. Kwetu, farasi akishindwa kutembea, hupigwa risasi ili asiteseke. Nitakupa mpaka tarehe 15 Oktoba, siku ya baraza. Siku hiyo atembee mwenyewe kutoka hapa mpaka barazani. Asipoweza, nitafanya ninalopaswa kufanya. Na siku hiyo nitataka kujua nani amemfanyia hivi. Kama ni wewe, utarudisha kofia na funguo za nyumba."

Baba alijibu, "Ndiyo, Bwana." Jioni ile hakula ugali wangu. Aliivua kofia nyekundu, akaiweka juu ya meza, tukaitazama wote wawili.

Tarishi aliyekuwa akielekea Butiama alipeleka habari, na Jumanne, tarehe 21, Bibi alifika kwa miguu, akiwa amelala njiani usiku mmoja kwa binamu yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi sana, aliyezika mume na kukuza ng'ombe, na hakuwahi kumwona farasi maishani. Hakutaka maji wala kiti. Alisimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni, wakatazamana.

"Ndiye huyu aliyenitoa nyumbani?" aliuliza kwa Kizanaki. "Mzuri. Anacheua?"

"Hacheui, Mama," Baba akajibu.

"Hata akilala?"

"Hata akilala."

"Ng'ombe akikosea kula, hucheua akakifikiria tena chakula chake. Huyu hana tumbo la kusahihishia makosa, na ninyi mnamlisha kama bwana harusi." Kisha akainama, akaokota tonge la mavi ya farasi, akalivunja kiganjani kama anavyovunja mtu udongo wa shamba. Aliyatenganisha kwa kidole, akatuita tusogee. "Haya mahindi ni yako, mwanangu. Huu ulezi?"

"Ni wa uji wa jirani."

"Na hili ganda la kiazi? Na haya machicha ya pombe? Mwanangu, farasi wako amekaribishwa nyumba ngapi?"

Bibi aliendelea kuchambua, mpaka kidole chake kikasimama juu ya punje nzima, nyekundu, isiyosagika. Aliijua. Mwanamke anayepanda, kupalilia, kufukuza ndege na kupura anaujua mtama wake popote utakapomtokea. Aliinua macho, akanitazama mimi. Kisha akafunga kiganja, akasema tu, "Na mtama," akanawa mikono.

Sitasahau aliyotufundisha tangu siku ile, maana alitutawala majuma manane. Alisema alikuwa na ng'ombe aliyevunja uzio na kula rundo la mtama uwanjani pa kupuria. Alitembea kwa kwato za moto siku nyingi, na kilichomponya ni nyasi kavu na subira. Nafaka zote zilikatazwa, hata mahindi ya Baba. Nyasi changa za ukingoni mwa ziwa, ambazo mimi ningechagua kwa ulaini wake, alizikataa pia, akasema zina utamu wa kumdanganya mgonjwa. Alitaka zile za mlimani zilizokwisha kumwaga mbegu. Tulizikata kwa mundu jua lilipokwisha kunywa umande, tukazitandaza, tukazigeuza, tukazifunga matita. Kabla ya kumpa tuliziloweka katika pipa, tukayamwaga maji yake yaliyogeuka kama chai ya rangi, ndipo tukamwekea kidogo kidogo, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, ili kinywa chake kisikae bure wala tumbo lisijazwe kwa mara moja. Kando tuliweka jiwe la chumvi na ndoo ya maji, basi. Nilipokuja kusoma, nikiwa mtu mzima, kwamba katika nafaka mna wanga na katika nyasi mna nyuzinyuzi, na kwamba tumbo la farasi limeumbwa kwa hizo nyuzinyuzi, nilicheka peke yangu darasani. Mwalimu aliniuliza kinachonichekesha. Nilimwambia namkumbuka mwalimu wangu wa kwanza.

Na lile la ziwani! Siku za mwanzo tulimletea Mgeni ziwa lenyewe, ndoo kwa ndoo, kuziloweka kwato. Alipoweza kuvuta hatua, alfajiri tulimwongoza pole pole hadi majini, akasimama na maji yakimfika magotini, macho amefumba kwa raha. Wanawake waliokuwa wakifua walijigawia ulinzi wa mamba bila kuombwa: wawili wanafua, mmoja anapiga sufuria. Bibi alikaa juu ya jiwe, amekunja kanga, akiwasimamia wote kwa lugha ambayo nusu yao hawakuijua. Samaki wadogo walikuja kumdonoa Mgeni miguuni, naye akatetemesha ngozi kama anayetekenywa. Tulicheka sana majuma yale. Najua ni ajabu kusema hivyo, kwa kuwa bastola ya Bwana Shauri ilikuwa ikitungoja, lakini nawaza sijawahi kuwa na furaha ya namna ile: Baba upande huu, Bibi upande ule, na jambo moja la kufanya.

Mjini, hata hivyo, Bibi alihesabiwa kuwa mchoyo. "Mama mkwe wa watu," jirani yetu alimwambia bila kuficha, "unamlisha mgeni wa Serikali manyasi kama mbuzi wa kuazima. Tutaonekanaje?" Bibi akamjibu, Baba akimtafsiria, "Mwambie kukirimu si kumlisha mgeni unachokipenda wewe." Jirani aliondoka na sahani yake ya vitumbua, akiwa amenuna, lakini siku ya tatu niliona tita la nyasi limeegemezwa mlangoni petu, limefungwa kwa ukindu wa mikeka yake.

Furaha yangu ilikuwa na mwiba mmoja, nao ni ile punje nyekundu. Jioni moja, tukichambua mchicha, sikuweza tena. Nilimwambia Bibi, "Bibi, ule mtama..."

"Naujua mtama wangu, mke mwenzangu," akanikatiza. Ndivyo alivyoniita siku zote kwa utani.

"Mbona hukusema?"

"Kwa sababu si mimi niliyeutia kinywani mwake." Akaendelea kuchambua. "Baba yako atasimama siku ile aseme ni yeye. Namjua, nilimzaa. Mimi mzee, sina la kumwambia Mzungu. Wewe utaangalia."

Jumatatu, tarehe 15 Oktoba, mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kututisha mara mbili bila kunyesha. Baba alivaa kofia nyekundu, akamfungua Mgeni kamba, akanipa mimi hatamu. Hakukuwa na umbali wa kujivunia, labda kutoka kanisani hadi sokoni, lakini nilizijua kokoto zake zote. Mgeni aliweka kwato ya kwanza juu ya ardhi ngumu, akasita. Akaweka ya pili. Kisha akashusha kichwa, akapuliza vumbi, akatembea, tumbo jembamba, shingo imerudi kuwa shingo, mpaka mbele ya ukumbi wa boma, na hapo alisimama kama askofu yuleyule wa gatini.

Bwana Shauri alikuwa ameketi nyuma ya meza, karani upande wa kulia, na upande wa kushoto Bwana Mifugo kutoka Bunda, Mwafrika mwenzetu aliyesomea kazi ya mifugo na aliyevaa soksi ndefu. Bwana Mifugo alishuka, akabonyeza mishipa juu ya kwato, akanusa kinywa cha Mgeni, akauliza analishwa nini, akaambiwa. Akauliza nani aliagiza vile. Baba akamwonyesha Bibi aliyekaa chini na miguu ameinyoosha. Bwana Mifugo akavua kofia yake.

"Mnyama amepona," alisema. "Aliumizwa na nafaka nyingi bila kazi. Ameponywa na nyasi."

Bwana Shauri akamgeukia Baba. "Nimefurahi. Lakini nilisema nitajua nani amefanya. Mahindi ulipewa na boma. Mtama ambao nimeambiwa ulionekana katika mavi yake, boma halikuutoa. Nani alimpa mtama?"

Baba alisimama wima, mikono ubavuni, kama jeshini. "Bwana, mimi ndimi saisi. Kilichoingia kinywani mwake ni juu yangu."

Nilimtazama Bibi. Hakunitazama. Alikuwa akimtazama Mgeni. Nikasikia sauti nyembamba ikisema, "Mimi," na nikatambua ni yangu.

"Nani amesema?" Bwana Shauri aliinua kichwa.

"Mimi, Bwana, mtoto wake. Nilikuwaga nampa kila alfajiri. Mtama wa Bibi. Baba hakujua."

Mgeni akapiga mkia. Kisha nyuma yangu kanga zikachakarika.

"Aa! Jamani, msimwachie mtoto mzigo peke yake!" Jirani yetu alikuwa amesimama. "Vitumbua ni vyangu. Na uji wa kwanza ni wangu, niandikeni."

"Uji wa pili wangu," akasema mwingine.

Mama muuza pombe ya mtama akainuka nusu. "Machicha. Lakini ya juzi juzi tu, hayakuwa makali."

Tarishi wa boma, mwenye mkanda wa shaba, akakohoa. "Viazi vitamu, Bwana. Alikuwaga ananitazama vibaya nikila peke yangu."

Watu walikwisha kuanza kucheka. Karani, aliyekuwa akiandika kwa mwendo wa cherehani, alisimamisha kalamu, akaiweka chini, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana, nami ndizi. Mbivu. Siku za Jumapili tu."

Bwana Shauri alimtazama karani wake. Alimtazama Mgeni. Wekundu ulianza kwenye kola, ukapanda mpaka masikioni. Alisema jambo ambalo hatukulisikia.

"Bwana?" karani akauliza.

"Sukari," Bwana Shauri akarudia. "Mimi. Sukari ya chai. Kila jioni kabla ya safari ya Bunda."

"Niandike, Bwana?"

"Andika."

Kabla sijafika mwisho, niruhusu nisimame kidogo, maana nikitaja siku ile huwaona wote na hakuna aliyebaki. Mgeni aliondoka kwa meli ileile mwaka 1954, pamoja na mwenyewe, akiwa mzima wa kwato zote nne. Bibi tulimzika Butiama mwaka 1960, msimu wa kuvuna mtama. Baba alimfuata mwaka 1972, na kofia nyekundu tulimwekea kaburini. Jirani yetu alihamia kwa mwanawe Tabora na sikupata kusikia habari zake. Banda limekuwa duka la simu. Mlima tuliokata nyasi umejaa mabati. Mji ni mkubwa sasa na una watu wengi wazuri, lakini mgeni anaweza kuuvuka kutoka stendi hadi ziwani na asiulizwe na mtu hata mmoja kama amekula. Sisi tulikosea, ni kweli. Tulikaribia kumwua mtu kwa ukarimu. Hata hivyo nikilinganisha makosa yale na usahihi wa leo, najua ningechagua yapi.

Turudi barazani, maana muhuri wa boma ulikuwa haujapigwa. Bwana Shauri alisimama, akasema kwamba mji mzima ukikosa, hakuna wa kufukuzwa, na saisi atabaki na kofia na funguo zake. Kisha akamwambia karani aandike amri ya kupigiliwa mlangoni mwa banda, nayo ilisema: FARASI HUYU ANAKULA NYASI. ASIPEWE NAFAKA, UJI, VIAZI WALA SUKARI. ANAYETAKA KUMKIRIMU ALETE TITA.

"Bwana," Bwana Mifugo akauliza, "wanaoleta masufuria hawajui kusoma. Nani atawasomea?"

Bwana Shauri akanielekezea kalamu. "Yule. Alianza yeye kumlisha, yeye atawazuia wengine. Ndiyo adhabu yake. Januari aende shule, ajue kuisoma hiyo amri."

Baba akasogea hatua moja. "Bwana, samahani, huyu ni msichana. Na umri umekwisha kupita, Januari atakaribia miaka kumi."

"Nimeona ni msichana," akajibu Bwana Shauri. "Nilipouliza swali, ndiye aliyenijibu."

Bibi akataka kutafsiriwa. Alipoelewa alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la kanga, akasema kwa Kizanaki, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake: mwacheni mke mwenzangu aende. Karani akapumulia muhuri, akaushikilia juu ya karatasi, akanitazama kama anayesubiri ruhusa yangu. Mgeni alikuwa akinipulizia shingoni. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 15 Oktoba, mwaka 1951, kabla ya saa sita mchana, na muhuri ukashuka.